Papa Foni na Ujumbe wa Dakika Nne

Kwenye avenyu yetu, pale Kataki mjini Kalemie, koti la kahawia la Papa Onésime lilikuwa na kazi moja tu. Hakulivaa kanisani, wala arusini, wala siku upepo wa ziwa ulipoleta baridi. Alilivaa anapokwenda kumwambia mtu kwamba amefiwa. Akitoka nalo, wanawake waliacha kutwanga sombe, yale majani ya mihogo, wakamfuata kwa macho, kila mmoja akiomba mlango wake upitwe. Ukishapitwa, walirudi kutwanga kwa aibu kidogo, maana huko mbele kulikuwa na mwenzao ambaye hakupitwa.

Mimi ni Numbi, fundi cherehani. Kibanda changu kinatazamana na chake, na kwa miaka ishirini na sita nimemwona kila siku isipokuwa Jumapili. Sisemi hivyo ili nionekane rafiki yake mkubwa. Barabara ile ni nyembamba, hukuwa na namna ya kutomwona.

Zamani kazi yake ilikuwa foni. Vijana hawaijui, basi nieleze. Ilikuwa redio ya kuzungumza kwa zamu, betri ya gari chini ya meza, na waya mrefu wa antena uliofungwa kwenye nguzo mbili juu ya bati. Simu za mkononi zilikuwa hazijafika. Ukitaka kumpata ndugu yako wa Kongolo, au wa Manono, au wa Pepa kule juu kwa wafuga ng'ombe, ulikuja kwa Papa Onésime, ukakaa kwenye benchi na wenzako, ukangoja saa ya miadi. Mtu wa Kiambi huenda alitembea siku mbili porini kuifikia foni ya upande wake. Mkipatana hewani, mmoja anasema na mwingine ananyamaza. Ukimaliza unasema "à toi", yaani zamu yako, unaachia kitufe. Mkisema wote wawili kwa pamoja, hakuna anayesikia kitu. Na kwa kuwa benchi zima lilikuwa linasikiliza habari za nyumba yako, ulichagua maneno tangu ukiwa njiani.

Kazi ile ilimwingia kichwani. Alifikiri kwa sentensi fupi. Nyumbani alimwambia mkewe, "Constance, maji ya kuoga, à toi," na Mama Constance, ambaye hakuwa mtu wa kuonewa, akamjibu, "Chota mwenyewe, à toi." Watoto wa avenyu walimwita Papa Foni, na jina likashika hadi kwenye karatasi za parokia.

Alikuwa na kanuni mbili, na hakuna aliyewahi kumwona akizivunja.

Ya kwanza: ujumbe husikilizwa hadi mwisho. Ukishakwisha, anaurudia mara mbili kwa aliyeutuma, yule akubali kwamba ndivyo, ndipo anachukua biki na kuuandika kwenye kaye, daftari lake. Nakumbuka mnunuzi mmoja wa ng'ombe aliyekuja kupokea habari kutoka Pepa. Sauti ikasema, "Ng'ombe wako watatu wametumbukia bondeni," naye papo hapo akashika kichwa akaanza kulia. Papa Onésime akainua mkono mmoja, hakumtazama hata, akaendelea kusikiliza. Sauti ikamaliza: "Tumewatoa wote, wazima, à toi." Yule bwana alifuta machozi mbele ya benchi zima, na benchi halikumhurumia.

Ya pili: kifo hakimfikii mtu kupitia mashine. Habari ya msiba ikija, alifukuza benchi lote nje, akaipokea peke yake, akaifunga foni. Kisha akavaa koti. Hakwenda peke yake, alichukua mtu wa pili, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa karibu, mara nyingi mtu huyo nilikuwa mimi. Tulipitia chai na mkate. Tulipofika alimwekea mfiwa kikombe mkononi na kumwambia, "Kunywa kwanza." Alisema mtu mwenye njaa hapewi kifo, maana hana nguvu ya kukilia. Yule akishameza, Papa Onésime alisimama akasema maneno yale yale, kila nyumba, mwaka baada ya mwaka: "Nilisikia kwa sikio langu mpaka mwisho. Nilirudia mara mbili. Njo nikakuja." Njo ni ndipo kwa Kiswahili chetu. Kisha jina. Kisha alikaa hapo hadi ndugu wafike, hata kama ni kutwa nzima.

Siku moja nilimwuliza sababu. Alisema alikuwa na miaka kumi na mitatu, mwanafunzi wa misioni kule Kongolo, wanacheza mpira, na mwenzake mmoja akapiga kelele kutoka ng'ambo ya kiwanja kwamba mama yake amekufa.

"Nilikuwa na mupira ku muguu," aliniambia. "Sikujua niupige ao niuache."

Kisha akaongeza, "Hapa kwetu, mimi nikiwa muzima, hakuna muntu atajua kifo cha muntu wake kwa mashini." Alisema hivyo kama mtu anayesema atalipaka rangi bati lake, yaani jambo la kufanya tu.

Simu zilikuja, foni ikafa. Hakulalamika. Aliuza vocha, akachaji simu za watu kwa ile ile betri, na Mama Constance akapata kamba nzuri ya kuanikia nguo, maana waya wa antena hauozi. Kisha, miaka sita iliyopita, mtoto wao wa pekee, Wilfried, aliyekuwa akifanya kazi Kongolo kwenye maboti ya Lualaba, akawatumia simu mbili za kisasa, moja ya baba na moja ya mama. Hapo ndipo mambo yalipoanza.

Sitaki kusema simu ilimpumbaza. Watu wa rika langu wanapenda kusema hivyo, na wengi wanayasema hayo kwenye simu. Papa Onésime alijua mengi kuliko zamani. Alijua mihogo imefika bei gani Kabalo, boti la Moba limechelewa kwa nini, na nani ameoa Nyunzu. Kilichobadilika ni namna ya kujua. Ukimwuliza, "Na hiyo habari iliishia wapi?" alikutazama kana kwamba umemwuliza kuhusu mvua ya mwaka juzi. Alikuwa tayari kwenye nyingine. Alijifunza pia kuzidisha mbio za ujumbe wa sauti, mara mbili ya mwendo wa kawaida, hivi kwamba baba yake mdogo wa Nyunzu, mtu mzito anayeongea kwa kupumzika, alikuwa akitoka mle ndani na sauti ya bata. Na hata bata huyo hakusikilizwa hadi mwisho. Dakika ya kwanza ikipita, Papa Onésime alibonyeza kile kidole gumba cha njano, akaandika "bien reçu", nimepokea vizuri, akaendelea na mwingine.

Akaanza kutufanyia hivyo hata sisi tulio mbele yake.

"Papa Onésime, jana mke wangu..."

"Pole sana, Numbi."

"...amepata kazi kwa masista."

"Aa. Basi hongera."

Nyani haoni kundule, kwa hiyo nijitaje na mimi. Zamani nilishika vipimo vya avenyu nzima kichwani: kifua cha Mama Émérence, mkono wa katekista, kiuno cha bibi arusi wa mwaka gani, na namna kilivyoongezeka. Sasa mteja ananitumia picha ya gauni la Kinshasa na kusema, "Kama hii." Nisipoiwasha ile picha, mkasi haukati. Siku moja simu iliishiwa na moto nikakaa mbele ya kitambaa saa nzima, mtu mzima, fundi wa miaka yote hiyo, nikingoja betri inirudishie akili.

Papa Onésime alifungua grupu, akaiita Sauti ya Avenyu, akawa ndiye msimamizi. Tulikuwa watu mia moja na kitu. Avenyu ya pili ilikuwa na grupu yake, msimamizi wake akiitwa Cédrick, kijana wa kuuza simu, na kati yao wawili kukazuka mashindano ambayo hakuna aliyeyatangaza lakini sote tuliyajua: nani ataleta habari kwanza. Lori lilipotumbukia mto Lukuga, Cédrick alimtangulia kwa dakika tatu. Siku hiyo Papa Onésime hakumaliza chakula chake. Nilimwona akisukuma sahani na kushika simu, mtu aliyekuwa akiwaambia wafiwa wale kwanza.

Nilitaka kumtania, nikaacha. Koti lilikuwa likining'inia ukutani nyuma yake, limepata vumbi mabegani. Lilikuwa halijavaliwa zaidi ya mwaka mmoja. Watu hawakuacha kufa. Habari zilikuwa zinafika kabla yake, yeye akafika baadaye kama kila mtu, kwenye matanga, kwenye viti vya plastiki.

Wiki tatu kabla ya siku ninayotaka kuisimulia, Wilfried alimtumia ujumbe wa sauti. Niliuona, nilikuwa nimekwenda kuchaji. Ulikuwa wa dakika sita. Papa Onésime akauweka kwenye mbio, akasikia salamu, akasikia habari ya mvua ya Kongolo, akatabasamu. "Mutoto anapenda kusema kama mama yake," akaniambia. Akabonyeza kidole cha njano. Bien reçu. Ujumbe huo huo Wilfried aliutuma kwa mama yake pia, na jioni nilimsikia Mama Constance akiuliza kutoka uani, "Umesikia mutoto anasema nini?" Papa Onésime akajibu, "Nimesikia." Mama Constance akakaa kimya, na mimi nikadhani ni ukimya wa kawaida.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa tatu, saa nne asubuhi, mvua imetoka kukatika. Nilikuwa kwenye cherehani. Papa Onésime alikuwa kwenye kiti chake, na simu ikalia. Ujumbe ulitoka Manono, kwa Dédé, mfanyabiashara wa mafuta ya mawese, kwenye grupu ya wasafirishaji. Dakika nne na sekunde kumi na moja. Nilimwona akiuweka sikioni. Baadaye niliusikiliza mwenyewe, kwa hiyo najua alichosikia: "Bandugu, habari iko mubaya. Leo asubui kariere imeanguka, bachimbaji bamebaki chini..." Akaitoa simu sikioni. Akautuma kwenye Sauti ya Avenyu. Chini yake akaandika: "Habari mbaya toka Manono. Tuombee familia." Kisha akaniinulia kichwa kutoka ng'ambo ya barabara.

"Cédrick bado!" akasema.

Alikuwa anatabasamu. Ninaliandika hilo bila hasira, maana simu yangu nayo ililia, nikaona maneno aliyoandika, nikaweka ile mikono miwili inayoomba, nikaendelea kushona. Katika dakika ya kwanza watu kumi na mmoja waliweka nyuso zinazolia. Dakika ya kwanza, na ujumbe ulikuwa wa dakika nne. Hesabu hiyo haihitaji shule.

Saa sita niliacha kazi nile karanga. Sikuwa na mtu wa kuongea naye, basi nikauwasha ule ujumbe. Dédé alieleza udongo wa yale machimbo ulivyoporomoka baada ya mvua, watu walivyochimbua kwa mikono na kwa sahani. Kisha akasema atataja majina ili familia zijue. Akataja sita, watu wa Manono na Kabalo. Kisha akasema: "Na wa saba njo Wilfried, mutoto wa Papa Foni wa Kalemie. Alikuja hapa wiki tatu tu zimepita. Alikuwa anatafuta mahari."

Nilirudisha nyuma nikasikiliza tena. Kisha mara ya tatu. Nilipomaliza niligundua kwamba nimeurudia mara mbili, kama nilivyofundishwa bila kuomba kufundishwa.

Sikujua nifanye nini. Nikafanya ninachokijua. Nilikwenda kwa Mama Laure anayeuza chai, nikanunua kikombe kimoja na mkate, nikaikabili ile barabara. Nimesema ni nyembamba. Siku hiyo haikuwa nyembamba.

Papa Onésime alikuwa akicheka na video ya mbuzi aliyepanda pikipiki. Niliweka kikombe mbele yake. Alikitazama. Akaitazama mikono yangu. Kwenye avenyu yetu hakuna anayekuletea chai mchana wa saa sita bila sababu, na aliyetufundisha hivyo alikuwa yeye. Aliilaza simu kifudifudi, na mbuzi akaendelea kulia chini yake, juu ya meza ya vocha.

"Nani?" akauliza.

"Kunywa kwanza."

"Numbi. Nani?"

"Kunywa kwanza, Papa Onésime."

Akanywa mafunda matatu. Nilisimama wima. Sauti yangu haikuwa nzuri.

"Nilisikia kwa sikio langu mpaka mwisho. Nilirudia mara mbili. Njo nikakuja. Ni Wilfried. Ku ile kariere ya Manono."

"Wilfried iko Kongolo."

"Alikuwa Manono wiki tatu, papa."

"Wilfried iko Kongolo," akasema tena, na safari hii hakuwa akiniambia mimi. Akaichukua simu. Nilidhani anataka kusikiliza, kumbe alikuwa anatafuta ujumbe alioutuma. Aliubonyeza, akaufuta kwa watu wote. Pale ulipokuwa pakabaki maneno madogo kwamba ujumbe umefutwa. Saa mbili nzima zilikuwa zimekwisha kupita.

"Constance," akasema. "Constance iko sokoni. Pale rezo ya simu haishikake muzuri. Hajasikia."

Nilijua, na yeye alijua, kwamba Mama Constance hasomi vizuri, na kwa sababu hiyo anapenda ujumbe wa sauti kuliko kitu chochote kwenye simu ile. Huusikiliza wote, kwa mwendo wa aliyeusema, na ukimpendeza anaurudia. Sikumwambia. Alilitoa koti ukutani akalivaa, vifungo vikaenda kwenye matundu yasiyo yake, akanitazama.

"Twende. Tuko wawili."

Mbio za sakafuni huishia ukingoni, nasi tulikwenda mbio hivyo hivyo, wazee wawili kwenye matope. Sokoni, kwenye meza ya ndagala, dagaa anazouza Mama Constance, tulimkuta jirani yake, Blandine, akiwa na meza mbili za kulinda.

"Mama Constance alienda nyumbani tangu saa ine na nusu," Blandine alisema. "Hakusema kitu. Aliniomba tu nifunike ndagala yake kama mvua inarudia..." Hapo akaliona koti, akajiziba mdomo kwa mkono. Papa Onésime aligeuka akaondoka kabla Blandine hajauliza.

Nyumbani moshi ulikuwa ukitoka jikoni. Mama Constance alikuwa ameketi barazani kwenye kigoda, kitenge kimefungwa kiunoni kwa kukazwa, kama wanavyofunga wanawake wa kwetu penye msiba. Mbele yake, mkekani, ugali uliofunikwa, na samaki mzima, mukeke mkubwa wa siku ya sikukuu, siku ya Jumanne. Macho yake yalikuwa makavu. Alimtazama mumewe kuanzia viatu hadi kwenye vile vifungo vilivyokosea njia.

"Karibu, Papa Wilfried," akasema. "Kula kwanza."

Papa Onésime alisimama. Mkononi alikuwa na mkate, nusu ya ule niliomnunulia, hata sijui aliubeba saa ngapi.

"Constance, kula weye kwanza."

"Kula, papa. Nilimutuma Emilie, ule mutoto wa jirani, kwa katekista. Batakuja saa munane kukuambia. Nilitaka bakukute umeshiba."

Basi walikuwa wamekwenda kulishana, kila mmoja kwa upande wake. Papa Onésime aliketi. Alikata donge la ugali, na Mama Constance akakata lake, na madonge yakakaa kwenye vidole vyao yakapoa. Mimi nilibaki mlangoni, kwenye nafasi ya mtu wa pili, ambaye kazi yake ni kuwapo tu.

"Ulijua saa ngapi?" Papa Onésime akauliza.

"Saa ine na kidogo."

"Nani alikuambia?"

 Mama Constance alijibu bila lawama, aliongea kama anamwonyesha mtu mahali chumvi ilipo.

"Weye njo ulituma, papa."

Donge la Papa Onésime lilianguka mkekani. Hakuliokota.

"Sikusikia mpaka mwisho," akasema.

"Najua."

"Sikujua iko Manono."

"Alikuambia. Ile message yake ya siku ile. Alikuambia anataka kwenda kutafuta mahari, mwezi moja tu, akakuomba ruhusa. Alisema kama baba anakataa, haendi. Ulimujibu bien reçu. Nikakuuliza kama umesikia, ukasema umesikia. Nilifikiri umemukubalia, njo nikanyamaza."

Nimewahi kusimama kwenye nyumba nyingi za msiba na mtu huyu, na katika zote nilitazama chini kwa heshima. Hapa nilitazama chini kwa sababu sikuweza kutazama. Papa Onésime aliinuka. Akaanza kufungua vifungo vya koti, polepole, kama askari anayeambiwa arudishe nguo za serikali. Alikwishatoa mkono mmoja.

"Usivue," Mama Constance akasema.

"Constance, unajua tayari. Nitakuambia nini?"

"Najua, ndiyo. Lakini bado hakuna muntu ameniambia."

Alibaki na koti bega moja. Midomo yake ilianza yale maneno ya siku zote, nilisikia kwa sikio langu, ikakwama hapo hapo, kwa kuwa haikuwa kweli. Alikuwa hajasikia. Alichukua simu. Ule alioutuma alikuwa ameufuta, lakini ule wa Dédé ulikuwa bado kwenye grupu ya wasafirishaji. Akaupunguzia mbio, akauweka sikioni akiwa amesimama, na mkewe ameketi akimtazama usoni. Dakika nne na sekunde kumi na moja.  Kwenye jina la saba midomo yake ikatamka pamoja na Dédé. Ulipokwisha, akauanzisha tena, dakika nne nyingine na sekunde zake, akatamka tena.

Kisha akaiweka simu mkekani kando ya samaki. Akaingiza mkono kwenye koti, akavifungua vifungo vyote, akavifunga upya, safari hii kila kimoja mahali pake.

"Mama," akasema, "mimi Onésime. Nilisikia kwa sikio langu mpaka mwisho. Nilirudia mara mbili. Njo nikakuja. Mutoto wetu Wilfried amekufa."

Ndipo Mama Constance akalia. Mimi nilitoka nje kwenda kuwaambia majirani, mlango kwa mlango, kwa miguu.